Siku za Ukungu za Dalali wa Ng'ombe

Siku yangu ya kwanza kazini sikuuza hata ndama. Mkuu wa Madalali wa mnada wa Nyarero, kwetu Tarime, alinisimamisha mlangoni mwa zizi, akanyoosha fimbo kuelekea kundi lililokuwa limetoka kuswagwa kutoka bondeni, akasema, "Hesabu."

Nikahesabu, nikamtajia.

"Sasa zunguka nyuma. Hesabu mikia."

"Mzee, si ni ng'ombe walewale?"

"Mura, kijana wangu, kichwa hujificha nyuma ya mwenzake. Mkia haujifichi, una inzi wa kufukuza. Zunguka."

Mikia ilizidi vichwa kwa mmoja. Mzee alicheka hadi kofia ikamwanguka. Kumbe ndama alikuwa ameingiza kichwa chini ya tumbo la mama yake, ananyonya. Tangu hapo nimehesabu kila kitu mara mbili: ng'ombe, chenji, hata watoto wangu wakitoka kanisani. Mke wangu, Bhoke, husema kwamba siku ya kumposa nilimtazama mbele, kisha nikazunguka. Anasema uongo. Nilizunguka kwanza.

Ninyi vijana mnaouza ng'ombe kwa picha za simu, niwaeleze kidogo tulivyofanya. Kazi ya dalali ilikuwa mikono miwili na ulimi mmoja. Unashika mkono wa mwenye ng'ombe kwa kulia na wa mnunuzi kwa kushoto, kisha unaongea. Mkono unaokaza bado una neno. Mkono unaolegea umekubali, hata kama mdomo bado unakataa. Ukihisi yote miwili imelegea, unagonganisha viganja vyao na biashara imekwisha. Akigeuka mtu baada ya hapo, mnada mzima unamzomea. Bwana Mifugo anatazama hereni sikioni mwa mnyama, anaandika kibali cha kusafirisha, na ng'ombe anapanda lori.

Lakini kati ya mikono hiyo, lazima uongee bila kukauka. Unamsifu mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa, mpaka mnunuzi aone maziwa ambayo hayapo. Unamsifu maksai, dume aliyehasiwa, mpaka mtu asahau kwamba hatazaa kamwe. Ulimi ndio ulikuwa shamba langu. Na ndio uliougua.

Ilianza nilipooa. Kuna siku niliamka macho yanawaka kama nimekaa juu ya moshi, viungo vinauma kama vya mtu mwenye mafua, na kichwani kumejaa ukungu. Nikitoka nje, vumbi la mnada lilikuwa jeupe kama maziwa. Ng'ombe walipita taratibu bila kukanyaga chini. Sauti za watu zilinifikia zikiwa zimechelewa, kana kwamba kila mmoja anaongea kutoka ng'ambo ya mto. Halafu huzuni ilikuja, haina sababu wala jina, ikakaa kifuani kama mgeni asiyesema anaondoka lini. Baada ya siku tatu au nne, kwa ghafla tu, ukungu uliondoka na mimi nikarudi.

Mara moja ulinikuta nimeshika mikono. Mnunuzi alikuwa wa kutoka upande wa Sirari, mpakani, mwenye haraka.

"Mzee, hii ng'ombe bei yake ya mwisho ni gani?"

Nikafungua mdomo nimsifu mtamba, na neno mtamba likawa halipo. Nililitafuta kama mtu anayetafuta mlango gizani.

"Huyu... huyu binti wa ng'ombe," nikasema.

Mnada ulicheka. Mnunuzi akauliza kama binti huyo amemaliza shule. Mkuu wa Madalali akanivuta pembeni, akaniambia nihesabu kundi dogo lililokuwa karibu. Vichwa vikapita mikia kwa watatu.

"Umevuta nini wewe?"

"Sijavuta kitu, mzee."

"Basi huna mudi. Juzi ulikuwa unawauzia watu mpaka ng'ombe wao wenyewe, leo unataka kulia. Nenda hospitali. Siku hizi hata huzuni ina vidonge."

Nikaenda. Tabibu alikuwa kijana mstaarabu. Aliniuliza kama nalala, kama nalia, kama naona maisha hayana maana.

"Wiki nyingine ndiyo," nikamjibu, "wiki nyingine nataka kununua dunia."

Akatikisa kichwa kwa huruma, akasema huo ni ugonjwa wa hisia, zinazopanda na kushuka. Simlaumu. Nilijibu alichouliza, na katika yote aliyouliza hapakuwa na kitanda.

Vidonge vilinifanya nilale kabla sijavua viatu. Mimi na Bhoke tukaishi kama kaka na dada wa kwaya moja. Na ukungu ukapotea! Kila mtu akavisifu vidonge. Tabibu alipovipunguza, nikapata nguvu, nikawa mume tena, na ukungu ukarudi. Akaviongeza. Tukaenda hivyo, juu na chini, na jina la ugonjwa wa hisia likanishika kama chapa ya moto.

Nyarero hawakuweza kumweka mlangoni mwa zizi dalali ambaye leo anaimba na kesho ni bubu. Nikachukuliwa na tajiri mmoja wa Mugumu aliyefanya biashara ya mifugo na ngozi, ambaye wote tulimwita Alhaji. Alikuwa na asili ya pwani na adabu ya huko. Hata kukufokea alianza na habari za nyumbani. Akanipeleka Machochwe, kwenye kambi ambako ng'ombe alionunua walikusanywa kabla ya kusafirishwa. Bhoke akabaki Tarime na watoto.

Ile misimu ya Machochwe hunijia hata sasa nikiwa macho. Upande mmoja mashamba ya mtama, upande mwingine nyasi za hifadhi zisizo na mwisho. Nyumbu wakihama, ardhi yenyewe ilionekana inatembea, nami nilisimama nikiwahesabu kwa mazoea, vichwa kwanza, kisha mikia, mpaka wachungaji wanishike bega. Na nilikuwa mzima. Mwezi baada ya mwezi, mzima kama fahali.

"Umeponywa na hewa," Alhaji akasema.

"Labda hewa, Alhaji."

Kisha mchana mmoja nikasinzia kwenye kivuli cha lori. Nikaota Bhoke anavuka mto Mara, maji yanamfika magotini, ng'ombe weupe wanamfuata juu ya maji bila kulowa. Akanifikia. Yaliyofuata ni ya ndoto na ya ndoa, myaache hapo. Mwili wangu ulifika nao mwisho wa safari kana kwamba yupo kweli. Nilipoamka, macho yalikuwa yanawaka. Nikapimwa malaria, haikuonekana. Siku tatu nililala kambini, na wachungaji wakapeleka habari nyumbani kwamba nimeugua kwa kumwota mke wangu.

Baba mdogo hakungoja nirudi. Nilikuta kikao kimekwisha kaa, na mzee anazungumza kama wakili.

"Ukiwa na mwanamke huyu, unaumwa. Ukiwa mbali naye, unapona. Akikufuata ndotoni, unaumwa tena. Unataka ushahidi gani mwingine?"

Niliona jinsi hoja ilivyonyooka, na nikaogopa.

Wazee wakaamua kuanza na mlango. Mlango wa nyumba yetu ulitazama njia inayokuja kutoka kwa wakwe zangu, na kitu, walisema, kilikuwa kinapita hapo. Wakauziba kwa matofali na kutoboa mwingine upande wa jirani. Kazi ilifanyika kwa siku moja, na pombe ikanywewa kwa mbili. Wiki iliyofuata nikaugua kama kawaida.

"Basi ni yeye mwenyewe," akasema baba mdogo. "Arudi kwao. Tutafuata ng'ombe wetu."

Kwetu, ng'ombe wa mahari wakirudi, ndoa imekufa na kila mtu ameiona maiti yake njiani. Nikawa nimekaa nyuma ya nyumba, bado na ukungu, ulimi mzito, nisijue hata nitamteteaje. Bhoke akaja akakaa karibu yangu. Nilidhani atalia.

"Na mimi nimehesabu," akasema.

"Umehesabu nini?"

"Vichwa ni zile siku tunazokutana mimi na wewe. Mikia ni siku unazoumwa. Baba Robhi, hakuna kichwa kisicho na mkia. Hakuna mkia usio na kichwa. Hata ule wa Machochwe."

Sauti yake ilinifikia ikiwa imechelewa, lakini ilifika.

"Twende hospitali kubwa, Mwanza," akasema. "Twende wote. Nitasema mimi."

"Utasema mambo ya chumbani mbele ya mgeni?"

"Wamekwisha bomoa ukuta wa nyumba yenyewe. Unaficha nini tena?"

Daktari wa magonjwa ya akili tuliyempata Mwanza alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Alianza na yale maswali ya kulala na kulia. Bhoke akamkatisha kwa heshima, akasema yote, akitazama sakafu lakini sauti haitetemeki. Mimi nilitazama feni ya darini, ikizunguka polepole, nikatamani inichukue.

Daktari akaweka kalamu chini.

"Baba, huzuni inakuja kabla ya homa au baada yake?"

"Baada."

"Na ulipoota kule Machochwe, mke wako alikuwa wapi?"

"Tarime, daktari. Anapalilia."

"Basi ndoto hiyo imemsafisha mke wako. Mwili ulifika kileleni peke yake, na ukaugua peke yake. Chanzo kimo ndani ya mwili wako wewe. Kuna ugonjwa wa namna hiyo, adimu sana. Mwanamume akishamaliza, mwili unapigana kama umeingiwa na mafua, na akili inafunikwa. Nimesoma habari zake. Wewe ndiye wa kwanza kuketi mbele yangu."

"Kwa hiyo sina ugonjwa wa hisia?"

"Hisia unazo, kama watu wote. Zinaumia kwa sababu mwili unaumia."

Bhoke akajifunika uso kwa khanga. Hapo ndipo alipolia.

"Na dawa yake?" nikauliza.

"Ya uhakika haipo."

Dalali ni dalali. "Mama daktari, punguza kidogo."

"Nipunguze nini?"

"Hiyo haipo."

Akacheka, akavua miwani. "Nitashuka mpaka 'tutajaribu'. Ziko dawa za mzio ambazo zimewasaidia baadhi ya watu, si wote. Na vile vidonge vya zamani tutaviacha taratibu, nikikusimamia, usiviache mwenyewe. Hapo ndipo mwisho wangu."

Nikalegeza mkono.

Dawa zilinisaidia nusu. Ukungu uliendelea kuja, ila mwepesi, na tulijua umetoka wapi. Baba mdogo nilimweleza kadiri mtoto anavyoweza kumweleza baba. Alichora chini kwa fimbo.

"Kwa hiyo ng'ombe wabaki kwao?"

"Wabaki, baba."

"Na mlango?"

"Uacheni. Unaleta upepo mzuri."

Kilichobaki kilikuwa kupatana na Bhoke siku ya kukutana. Nimefanya mapatano mengi maishani, lakini sijakutana na mnunuzi mgumu kama yule. Nilikuwa nimerudishwa mnada wa Nyarero, ambao siku hizo ulikuwa Alhamisi.

"Jumapili," nikafungua.

"Jumapili! Alhamisi uende kuwauzia watu binti wa ng'ombe tena?"

"Ijumaa basi."

"Alhamisi yenyewe. Mnada ukiisha."

"Alhamisi nanuka zizi, Mama Robhi."

"Maji nitabandika mimi. Na si kila wiki. Na ukiumwa, usiniangalie kama mtu aliyekudhuru."

Hilo la mwisho lilinikaza mkono. Nilikuwa sijui kama namwangalia hivyo.

"Nimekubali," nikasema, na tukagonganisha viganja.

Hivyo Ijumaa zangu zikawa za kitandani, na kufikia mnada uliofuata ulimi ulikuwa umerudi. Mkuu wa Madalali hakuona tena vichwa vikipita mikia. Wenzangu waliona tu kwamba Ijumaa sionekani, wakaanza kunong'ona kwamba nimesilimu. Habari zilimfikia Alhaji kule Mugumu, akanitumia kanzu. Ninayo mpaka leo, nzuri sana kwa kuugulia.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Ikoma, nikinunua mbuzi kwa ajili ya jiko la kambi moja ya watalii. Safari hii nilikwenda na Bhoke. Bosi wangu, Mpishi Mkuu, aliniuliza kwa nini kuna siku sipatikani. Nikamwambia nina maradhi yanayokuja kwa ratiba.

"Heri yako," akasema. "Mgongo wangu hauna adabu hiyo."

Hakuuliza tena, na mbuzi hawakupungua.

Sasa nimestaafu. Vijana huja kuniuliza siri ya udalali, na mimi huwaambia wazungukie nyuma. Nikimwona mmoja ana macho ya ukungu, humwambia na jingine: ukienda kwa daktari, sema na lile ambalo hukuulizwa. Ukishindwa, nenda na mwenzako aseme yeye.

Alhamisi ya kwanza baada ya kustaafu, Bhoke alibandika maji kama kawaida. Wiki iliyofuata aliyabandika Jumatatu.

"Leo si Alhamisi," nikamwambia.

"Una mnada kesho?"

Nikafikiri. Nikafikiri tena. Sikuwa na mnada kesho, wala kesho kutwa, wala siku nyingine yoyote.

Kesho yake ukungu ulikuja kama unavyokuja. Jioni Bhoke akanitandikia mkeka kwenye ule mlango waliotoboa wazee, nikajilaza na kanzu ya Alhaji. Ng'ombe wa jirani walikuwa wanarudi, wanaelea kwenye vumbi jeupe, hawakanyagi chini. Nikaanza kuhesabu. Vichwa. Kisha mikia.

"Havilingani," nikasema. "Hesabu wewe."

Bhoke akanivutia blanketi mabegani, akaketi, akatazama kundi likipita mpaka ng'ombe wa mwisho.

"Sihesabu," akasema. "Wote wameingia."