Pete ya Kusafishia Bolti

Sisi wa kizazi cha mdako kila mmoja ana siri yake. Yangu ilifukuliwa mwezi uliopita mbele ya kijiji kizima.

Wenzangu mliokulia upande wa Rutamba mtaukumbuka mtambo wa upepo uliotuvutia maji kisimani. Mzungu mmoja wa shamba aliuacha, pamoja na bolti zake za kipimo cha inchi ambazo mfano wake hukuupata duka lolote Lindi. Masika yakiisha, marehemu baba, aliyekuwa fundi wa mtambo huo, alizifungua moja moja na kuzisafisha. Kila nyumba ilileta mafuta ya ufuta kidogo kwenye kifuniko cha birika. Sisi watoto tulikaa chini ya mnara tukitafuna korosho za kuchoma, midomo myeusi tii, tukinusa ufuta na kutu. Baba alikuwa na kidude cha chuma cha duara, ukubwa wa kitumbua kidogo, chenye meno ndani. Alikichovya kwenye mafuta, akakizungusha kwenye bolti, kutu ikatoka unga unga, na nati ikapanda kwa kusukumwa na kidole tu. Alikiita pete.

"Hii ikipotea, mama zenu watateka maji mtoni," alituambia kila mwaka.

Basi mimi nikaiiba nikachezee mdako, niirushe badala ya jiwe. Nilikuwa na miaka tisa, nimechoka kufungwa na binamu yangu Somoe. Pete ilikuwa nzito, ukiirusha inarudi kiganjani yenyewe. Siku hiyo niliwafunga wote. Mama akaita, tukatimua mbio, na pete nikaisahau kwenye shimo la mdako pale mnarani. Mvua ya mwisho ya masika ikashuka, ikalifukia shimo. Nilichimba hadi kucha zikauma, wala sikuiona.

Baba aliulizia nyumba nzima, nami nikatazama vidole vyangu vya miguu. Akajaribu kwa tupa, lakini tupa haiwezi kufuata njia ya yale meno. Nati zikakaa upande, na kabla korosho hazijavunwa panga moja la mtambo likachomoka, likaangukia mihogo. Maji yakaishia hapo. Kwenye kikao cha wazee baba akasema, "Nimeipoteza mimi." Wakamvua ufundi. Mama na sisi mabinti tukaanza safari za mtoni, na ndoo yangu niliibeba kimya kimya.

Mwezi uliopita kijiji kikaamua kuufufua mtambo. Akaja kijana fundi kutoka Lindi na sanduku la pete mpya zinazong'aa, zote za milimita. Akailazimisha moja kwenye bolti ya inchi, ikayala meno yote ya bolti. Nilishtuka kuliko yeye mwenyewe, maana yeye alitoa simu akaanza kutafuta video. Vijana wetu hawa, hata kutu wanaiuliza simu. Akatangaza kwamba bolti nyingine ikiharibika hivyo, mtambo basi tena. Wenzake walikuwa wakichimba kukagua msingi wa mnara, na mmoja wao akaniinulia kitu. "Mama, hiki nini?"

Nilikipokea mkononi. Nje lilikuwa donge la kutu. Ndani, ufuta wa mama zetu ulikuwa umeganda kama gundi, na walipoulainisha kwa mafuta ya taa, meno yakatokea mazima. Fundi akaipitisha kwenye bolti, nati ikapanda kwa kidole. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikaa chini kwenye mchanga.

Mama yangu, ambaye sasa ni mzee wa kuletewa kiti, alinitazama.

"Baba yako alijua, mwanangu. Somoe alimwambia kabla ya kikao cha wazee. Baba yako akachimba wiki nzima asiipate."

"Mbona hakunichapa?"

"Alisema tukuache, utasema mwenyewe. Alikungojea."

Baba alifariki mimi nikiwa tayari na wajukuu.

Mjukuu wangu juzi kavunja birika langu, akaja kusimama mlangoni: "Bibi, nimevunja mimi, kwani vipi?" Tunawasema watoto wa siku hizi kwamba hawana adabu. Enzi zetu tulikuwa na adabu sana. Tulinyamaza.