Muhuri wa Fundi Qu

Huko Linqu, nchini China, ukimuuliza mtu riziki yake inatoka wapi, atakwambia madirisha; kama si yeye, basi ni shemeji yake. Baba yake Qu Fengzhi alikata alumini mpaka mgongo ukapinda. Mumewe, Yin Decai, aliendesha lori la vioo. Fengzhi mwenyewe alisimama kwenye mashine ya kubana kona za fremu tangu akiwa na miaka ishirini, na sasa alikuwa na arobaini na sita. Kwa miaka tisa ya mwisho alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha bosi Gao Peiliang. Dirisha halikutoka mlangoni bila karatasi ya duara yenye jina lake la ukoo, Qu, iliyobandikwa pembeni mwa fremu. Wenzake waliiita muhuri.

Zamani maghorofa yaliota kama uyoga na kiwanda kilikimbizana nayo. Kisha wajenzi wakaishiwa pumzi, kreni zikasimama, na kati ya mashine tano kubwa za bosi Gao mbili zikafunikwa turubai. Kwa hiyo ilipoingia oda ya maghorofa kumi na mawili, Gao aliikumbatia kwa mikono miwili.

Asubuhi moja Fengzhi alichukua kipimo chake akabana ukingo wa fremu. Mkataba ulisema milimita moja na nukta nane. Kipimo kilisema moja na nukta tatu. Akapima nyingine, na nyingine. Akaweka mihuri yake mfukoni na kwenda ofisini.

"Bosi, alumini hii ni nyembamba."

"Najua," Gao alisema, akijimiminia chai. "Kaa basi, Fundi Qu. Umesimama kama askari wa barabarani."

"Sikai. Alumini ni nyembamba."

"Mjenzi anataka kwa haraka na kwa nafuu. Unadhani mtu wa ghorofa ya ishirini na sita atachukua kipimo aanze kupima fremu?"

"Yeye hatapima. Upepo utampimia."

Gao akacheka kidogo, kisha akaacha. "Bandika muhuri, dada yangu. Watu mia na sitini hapa wanakula kwa oda hii. Au unataka kuwaambia wewe mwenyewe waende nyumbani?"

Neno hilo lilimchoma, maana aliwajua wote mia na sitini, na wake zao na waume zao. Hata hivyo akatoa zile karatasi mfukoni, akaziweka mezani karibu na birika.

"Mbandikishe mtu anayeitwa Gao," alisema. "Jina langu mimi hapana."

Akaondoka bila hata kuchukua kikombe chake cha chai. Wiki haikuisha, Gao alikuwa amekwisha kupiga simu huku na huko. Viwanda vingine vilimpokea Fengzhi kwa tabasamu na kumwambia nafasi zimejaa. Bosi mmoja alimweleza bila kuficha: "Tunaambiwa wewe ni mwiba, Fundi Qu. Nyakati hizi nani ataufuga mwiba?"

Decai, ambaye mkataba wake wa kubeba vioo ulitegemea viwanda vile vile, alijaribu kumtuliza walipokuwa wakila chapati nyembamba zilizoviringishiwa vitunguu majani.

"Mke wangu, nenda umwombe radhi. Ni maneno mawili tu."

"Yaseme wewe."

"Mimi sijakosa."

"Na mimi je?"

Decai akatafuna kitunguu chake. Tangu siku hiyo hakuligusa tena jambo la radhi.

Mama mkwe wa Fengzhi aliishi mjini Weifang, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha nguo kilichokufa siku nyingi. Dirisha la chumbani, lililotazama barabara yenye kelele, lilikuwa la chuma, limeliwa na kutu, na kila majira ya baridi bibi aliziba nyufa kwa magazeti na uji wa unga. Fengzhi, kwa kuwa mikono ilimwasha kwa kukosa kazi, akanunua alumini nene, akaazima mashine kuukuu ya kubana kona, akamtengenezea dirisha jipya. Alilifunga kwa asubuhi moja. Bibi akakaa kitandani, akasikiliza.

"Barabara imekwenda wapi?" aliuliza.

"Ipo, mama. Iko nje."

Jirani wa juu akaja kusikiliza ule ukimya. Akafuata wa chini, kisha mwalimu mstaafu wa jengo la pili, ambaye alifungua na kufunga dirisha mara kumi bila kusema neno, kisha akauliza, "Langu lini?" Ilipofika majira ya joto, Fengzhi alikuwa amepanga banda lililowahi kuwa duka la tambi, na ukutani ameandika kwa rangi nyekundu: QU, TUNABADILISHA MADIRISHA YALIYOCHOKA.

Vuli ilileta maonyesho ya madirisha ya kila mwaka huko Linqu. Siku ya kwanza mtaalamu kutoka jiji la Jinan alipanda jukwaani kueleza mwelekeo wa biashara. Alionyesha michoro yenye mistari inayoteremka. Nyumba mpya zitazidi kupungua, alisema. Karakana ndogo nyingi hazitamaliza miaka mitatu. Watakaobaki ni wenye mashine zinazojiendesha na wanaouza ng'ambo. Fengzhi, aliyekaa nyuma, akasimama.

"Mwalimu, nina swali. Mchoro wako umehesabu nyumba mpya. Za zamani umezihesabu?"

"Soko hilo ni la vipande vipande, mama. Dirisha moja hapa, mawili pale."

"Mimi ndivyo ninavyokula, mwalimu. Kipande kwa kipande."

Watu wakacheka, na hawakumcheka yeye. Gao, aliyekaa mstari wa mbele, akageuka. "Jamani, msidanganyike. Huyu anaziba matundu jikoni kwa vikongwe. Kama ana dirisha, alilete kwenye sanduku la upepo."

Sanduku hilo lilisimama katikati ya ukumbi: chumba cha chuma ambamo dirisha hufungwa, likapulizwa upepo na kumwagiwa maji mbele ya macho ya watu.

"Nitalileta kesho," Fengzhi alisema. "Na wewe ulete moja la yale maghorofa kumi na mawili."

Kesho yake alilileta, limefungwa blanketi, nyuma ya lori la Decai. Umati ulikuwa mkubwa. Upepo ukaanza, dirisha likatulia. Ukaongezwa, likatulia. Maji yakamwagwa, upepo ukapandishwa tena, na kwenye kona ya chini kushoto likatokea tone. Kisha la pili. Mtu akapiga mluzi.

"Linavuja hilo," Gao alisema kwa sauti ya kusikika mbali. "Wapelekeeni vikongwe na ndoo."

Uso wa Fengzhi uliwaka moto. Decai alimshika mkono ili waondoke, lakini yeye akaenda mpaka kwenye kioo, akapiga magoti, akapitisha kidole chini ya fremu.

"Ndiyo, linavuja," alisema, akiwatazama watu. "Mpira wa kona nimeukata mfupi. Kosa ni langu na muhuri ni wangu. Nipeni nusu saa."

Akalifungua pale pale sakafuni, kila mtu anaona. Akatoa mpira, akakata mwingine, akaunganisha kona kwa gundi, akangoja ishike. Hakuna aliyeondoka. Dirisha likarudishwa sandukuni, upepo ukapandishwa mpaka sanduku likaanza kunguruma, maji yakapiga kioo kama changarawe. Kona ilibaki kavu.

Fengzhi akajifuta mikono kwenye suruali. "Bosi Gao, zamu yako."

Gao akasema dirisha lake liko njiani. Watu walingoja hadi jioni, na halikufika.

Asingoje mtu kusikia kwamba Fengzhi alitajirika. Mwaka ule alifunga madirisha machache kuliko yale yaliyotolewa na kiwanda cha Gao kwa siku moja. Gao naye hakuanguka. Alipunguza watu, akaendelea. Lakini kati ya waliopunguzwa, wanawake wawili wa mashine ya kona walikuja banda la tambi, akawapa kazi, na yule mtaalamu wa Jinan alimwandikia kumwomba idadi ya madirisha aliyobadilisha. Fengzhi akamjibu aje ahesabu mwenyewe, ngazi zipo.

Kabla ya mwaka mpya Gao alipiga simu. Mjenzi mmoja alikuwa ametaka kuona jina Qu kwenye fremu kabla ya kutia saini.

"Rudi, Fundi Qu. Tusahau yaliyopita."

Fengzhi alikuwa juu ya ngazi katika jengo la nne, bisibisi mdomoni. Akaitoa.

"Alumini ni ya unene gani?"

"Mshahara nitakuongezea," Gao alisema.

"Basi bado hatuna la kuzungumza," alisema, akakata simu, akamwomba mwenye nyumba asogeze chungu cha maua ili apate pa kuweka mguu.