Nauli ya Nyumba ya Akko

Nyumba ya bibi yangu ilinukia moshi wa zamani. Si ule moshi wa jikoni unaochoma macho, bali ule uliokwisha kuingia ndani ya miti kwa miaka mingi, ukachanganyika na samli, uvumba na ngozi ya ng'ombe, hata ukiegemea ukuta kidogo tu unarudi kwenu na harufu hiyo kwenye nguo. Ilikuwa nyumba ya Kiborana ya kuhamahama: fito ndefu zilizopindwa na kufungwa kwa kamba za ngozi, na juu yake mikeka minene ya nyasi. Akko, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, alipewa fito hizo na mama yake siku alipoolewa. Ufito mmoja ukioza aliutafutia mwenzake porini, lakini nyumba ilibaki ile ile, na ilikuwa imebebwa na ngamia mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume ana ng'ombe. Nyumbani anakaribishwa, na akiwa na adabu anashukuru.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na tuliishi Garbatulla: wazazi wangu nasi watoto katika nyumba ya udongo, Akko pembeni katika nyumba yake. Hiyo ilikuwa miaka ya vita vya Shifta, kati ya serikali na waasi wa kaskazini, na sisi watoto tulivijua kwa mambo tuliyokatazwa. Tulikatazwa kwenda mbali na kijiji kuchunga au kuokota kuni. Ngamia wa mizigo waliokuwa wa ukoo wetu walikuwa wameisha wote, na ng'ombe wa baba walibaki mitamba wawili waliokonda mpaka ungeweza kuzihesabu mbavu zao ukiwa ng'ambo ya pili ya uwanja. Baba alikuwa mfanyabiashara mdogo wa ngozi, na barabara ilipofungwa biashara ikafungwa nayo. Siku moja alirudi kutoka msikitini, akamwambia mama kwamba tunahamia Isiolo mjini. Angeuza mitamba, tukapande lori linalokwenda na msafara wa askari.

Zamani kuhama hakukuwa na bei. Aliyepungukiwa na ngamia aliazimwa na jamaa, wanawake wa boma walikuja kufungua na kufunga, na malipo yalikuwa maziwa na dua. Sasa kulikuwa na lori, na lori lilikuwa na utingo, kijana wa kutoka milimani Meru aliyetafuna miraa na kutaja bei bila kumwangalia mtu usoni. Baba alikwenda kumuuliza, nami nikafuatana naye na daftari langu la shule, kwa kuwa baba hakujua kusoma na mimi nilikuwa darasa la nne. Mtu mzima shilingi sita, mtoto tatu, anayebebwa mgongoni bure. Mzigo mmoja shilingi nane. Baba akamwonyesha nyumba ya Akko kwa kidole.

"Hiyo miti ni refu, mzee," utingo akasema. "Inakula nafasi ya watu. Hiyo ni mzigo tatu. Nane, nane, nane."

"Tangu lini nyumba inalipa nauli?" baba akauliza, akacheka. Utingo hakucheka.

Mitamba na ngozi za mwisho zilimpa baba shilingi mia moja na ishirini. Aliniita, akanikalisha kwenye kigoda chake mwenyewe, jambo ambalo hakuna msichana aliyewahi kufanyiwa mbele yangu, akasema, "Habiba, andika. Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hiyo aliiokota kwa Mwarabu mmoja mwenye duka, na alipenda kuitumia kama mtu anavyopenda kuvaa saa mpya. Nikaandika. Nauli yetu sote, watu wazima watatu, mimi na mdogo wangu, ishirini na nne. Mizigo miwili, matandiko na vyombo, kumi na sita. Kodi ya chumba Isiolo, miezi miwili mbele kama alivyotaka mwenye nyumba, arobaini. Chakula mpaka baba apate kibarua, mama alikadiria kumi na tano. Nilijumlisha nikapata tisini na tano. Zilibaki ishirini na tano, na nyumba ya Akko ilikuwa ishirini na nne. Iliingia. Iliingia na shilingi moja ikabaki.

Sikusema hivyo. Wiki iliyotangulia mwalimu wetu alikuwa ametuambia sisi tuliokuwa tunahama kwamba shule za Isiolo hazipokei mtoto asiye na sare, kwamba anarudishwa langoni wenzake wakimtazama, na kwamba gauni na viatu vilikuwa shilingi kumi na nane. Tangu siku hiyo nilikuwa naliona lile lango hata nikila. Nilijua nikimwomba baba sare atasema tutaona mwakani, na mwakani kwa msichana wa kwetu maana yake ilikuwa mume. Basi nikachukua kumi na nane yangu nikaiweka mahali ambapo hakuna ambaye angeitafuta. Kwenye chakula nikafuta kumi na tano, nikaandika thelathini na tatu.

Nilipomsomea baba alikunja uso. "Thelathini na tatu ya chakula? Tunakwenda kula nini huko?"

"Mjini maziwa yananunuliwa, Aba," nikamwambia.

Nilijua nilichokuwa nafanya. Mtu aliyezaliwa katikati ya ng'ombe ukimwambia atanunua maziwa kwa kikombe, humwachii neno la kujibu. Baba aliinamisha kichwa akatazama mikono yake. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama nyumba ya mama yake itaingia, nami nikasema haiingii, zimebaki shilingi saba tu. Akko alikuwa mlangoni mwa nyumba yake, anasuka kamba. Aliniangalia.

"Umehesabu mara ngapi, Habiba?"

"Mara tatu, Akko."

"Basi," akasema, akaendelea kusuka.

Asubuhi ya kuondoka aliifungua nyumba yake mwenyewe. Mama na majirani walitaka kumsaidia kama desturi ilivyo, akawakataza. Alifungua fundo moja moja, akakunja mikeka, akalaza fito chini kwa kufuata urefu, kana kwamba ngamia yuko nyuma yake amepiga magoti. Kisha akaanza kuzigawa. Kijijini kuni zilikuwa shida kubwa kwa kuwa porini hapaendeki, na kila mtu alijua fito kavu za miaka arobaini zitakwenda wapi. Yeye pia alijua. Alimpa kila jirani ufito mmoja, anataja ulikokatwa: huu ni wa kule Sericho mwaka wa ukame, huu nilibadilisha nilipomzaa baba ya Habiba. Wanawake walipokea kwa mikono miwili, wanalia. Mama naye alilia. Mimi nilikuwa nimeshika daftari, na nilijiambia, nakumbuka vizuri, kwamba miti ni miti. Lori lilipoondoka moshi ulikuwa umeanza kupanda kwa jirani wa kwanza. Akko alikaa juu ya mzigo wa matandiko akitazama mbele, upande wa Isiolo.

Chumba chetu kilikuwa cha mabati, katika safu ya vyumba sita vyenye milango ya kufanana. Hapo ndipo nilipoanza kuona bei halisi ya hesabu yangu. Kwetu mama na mwanawe aliyeoa hawalali chini ya paa moja. Ni aibu ambayo hata kuitaja watu hawapendi. Mama alitundika leso katikati ya chumba, lakini leso si nyumba. Usiku wa tatu baba alichukua blanketi lake akaenda kulala kibarazani mwa duka alilopata kazi ya kupakia magunia, na akaendelea kulala huko, masika na kiangazi. Akko naye, aliyekuwa na moto wake tangu ujana, sasa aliomba. "Mama Habiba, naweza kuweka chai?" Mama alimjibu kila siku, "Akko, moto ni wako," na kila siku Akko aliomba tena. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye hakupewa jembe wala hakuacha kuwa mgeni.

Mwezi ulipokwisha nilimwambia baba kwamba pesa za chakula zimesalia, kumi na nane kamili. Nilitarajia aniulize zimesaliaje. Badala yake alinishika mkono akanipeleka kwa fundi wa cherehani, na njiani akasimamisha watu, salaam aleikum huku, salaam aleikum kule, akiwaambia binti yake amebana matumizi ya kuhama mpaka sare imepatikana. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, lakini nilisimama nikapimwa mabega. Nyumbani Akko aliishika nguo ile mpya, akaisugua kwa vidole viwili.

"Hii ni ya shilingi ngapi?"

"Kumi na nane, Akko, pamoja na viatu."

Hakujua kusoma, lakini zamani aliwajua ng'ombe mia kwa rangi na mama zao, na mmoja akipotea alijua kabla hawajafika bomani. Nilimwona kidole gumba kikipita juu ya pingili za vidole vyake, taratibu, kimoja hadi kingine, kikarudi, kikasimama. Alinirudishia nguo. "Vaa," akasema. "Usiichafue." Hadi leo sijui alihesabu nini, na sikuwahi kuwa na ujasiri wa kumuuliza.

Alifariki kabla vita havijaisha. Wanawake wa mtaa walikuja kumwosha, na mmoja wao, mama wa Kisomali aliyekuwa mgeni pale, aliuliza kwa heshima chumba cha marehemu ni kipi. Mama hakuwa na la kuonyesha. Alinyoosha mkono kuelekea ile leso.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe ni mimi. Sare ile iliniingiza shule, shule ikanipeleka chuo cha ualimu, na nikafundisha hesabu hapa Isiolo mpaka nikastaafu. Nyumba ninamoandika haya ni ya mawe, kwa jina langu, na watu wakipita barabarani huielekeza kama alama ya njia. Binti yangu alihamia Nairobi mwezi uliopita. Alinitumia bajeti yake kwa simu: gari la mizigo, vijana wa kubeba, kodi, amana ya umeme. Hamna mahali pa nyumba, kwa sababu siku hizi nyumba haihami. Mtu anachukua vitu vyake, nyumba anamwachia mwenyewe. Niliipitia mara tatu kwa mazoea ya kazi. Haikuwa na kosa.

Baba aliishi hadi uzeeni, na kila mgeni aliyekuja alisimuliwa jinsi penseli ya Habiba ilivyotuvusha. Nilikuwa naleta chai, naweka sinia, natoka. Miaka thelathini nilitoka hivyo hivyo. Sasa yeye hayupo, mama hayupo, na ndiyo maana nimeweza kuandika: hakuna aliyebaki wa kunikasirikia. Lakini hata hilo si baya kuliko yote. Nikiwa peke yangu hujiuliza, kama ningerudishwa leo kwenye kile kigoda, daftari mapajani, je, ningeandika kumi na tano? Nimejaribu kusema ndiyo, tena kwa sauti, humu ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Bado sijaweza.