Phelista na Aya ya Tisa

Phelista Nanjala hakujua kuandika kifupi. Nasema hili mapema ili mtu asidhani namtetea kwa kila kitu. Ukimuuliza kama mbegu fulani inafaa, atakuanzia na udongo, aende kwa mvua, apitie kwa vijidudu ambavyo macho hayavioni, na akifika kwenye jibu lenyewe chai yako imeshapoa. Lakini alikuwa anajua. Kati ya watu mia tisa tuliomo kwenye grupu letu la WhatsApp, Jukwaa la Wakulima Kitale na Bungoma, yeye peke yake ndiye aliyejua, sisi wengine tulikuwa tunabahatisha.

Alizaliwa Bokoli, binti wa fundi cherehani. Akasomea kemia ya vyakula, akaajiriwa Kitale kwenye maabara ya kupima nafaka. Kwa miaka minane alivaa koti jeupe, akasaga mahindi ya watu na kutafuta sumu ndani yake. Kisha wafadhili wakaondoka, maabara ikafungwa, mashine zikafunikwa turubai. Alibaki na yale aliyokuwa nayo kichwani, na simu. Akajiunga nasi, na kila Jumatatu akawa anatuandikia makala.

"Mwalimu," aliwahi kuniambia kwa simu, "hapo kwa grupu ndipo mahali nimebaki nayo. Nisipoandika hapo, haya mambo nitayasahau hata mimi."

Mwalimu ndiye mimi, Hillary Wamalwa, mstaafu, mkulima wa ekari mbili Sirisia na mmoja wa maadmin watatu wa grupu. Wengine ni Kimaiyo, mkulima wa viazi kule Cheptais, na Jeruto, mwenye duka la pembejeo na dawa za mifugo mjini Kitale. Malalamiko juu ya Phelista yalikuja kwetu kila wiki. Nehemiah wa Bungoma alituma sauti yake, amekasirika kweli: "Sisi ni wakurima, bana, si madaktari. Huyu mama anatumarizia bando na mambo ya yunivasiti." Watu mia mbili wakabonyeza kidole gumba.

Sasa, grupu letu lina sheria ambayo haijaandikwa popote na hakuna anayethubutu kuivunja. Kifo kikitangazwa, haandiki mtu jambo lingine mpaka marehemu azikwe. Ni pole na Mungu awatie nguvu, basi. Hata mwenye ng'ombe wa kuuza husubiri.

Oktoba ile mvua ilikataa kukoma. Mahindi yalianza kuota yakiwa bado shambani, watu wakayavuna mabichi hivyo hivyo na kuyaingiza ghalani. Jumatatu moja asubuhi, mwanachama wetu mmoja akatangaza kwamba amefiwa na baba. Pole zikamiminika. Katikati ya pole hizo ikatua makala ya Phelista, aya kumi na mbili, juu ya sumukuvu katika mahindi yanayohifadhiwa yakiwa na unyevu. Juu kabisa alikuwa ameandika: "Samahani kwa wafiwa. Nimeona mvua haitasubiri mazishi."

Walimrarua. Wakamwita hana utu, wakamwuliza kama kwao hawafi. Kimaiyo akaifuta makala kabla ya saa moja kuisha. Mimi nilikuwa nimeanza kuisoma. Nilifika aya ya nne, penye majina ya kuvu na vipimo vyake, nikachoka, nikajiambia nitamalizia jioni. Jioni makala haikuwepo tena, na sitaficha kwamba niliona afadhali.

Tulimwita kwenye kikao nyuma ya duka la Jeruto, kati ya magunia ya chakula cha kuku. Swali lilikuwa moja: je, maandishi ya kitaalamu namna ile yanafaa kwenye grupu la watu kama sisi?

Kimaiyo si mtu mbaya. Aliongea polepole. "Madam, hatusemi umedanganya. Tunasema tu hapa si mahali yake. Kuna wazee huko wanasoma na miwani ya kuazima. Wakiona kitu ndefu wanatoka kwa grupu, na wakitoka hata hizo habari za msiba hawapati."

"Si uandike mistari tano na uweke picha," Jeruto akasema. "Hiyo watu watasoma."

"Nikisema anikeni mahindi, mtaniambia mnajua," Phelista akajibu. "Nyinyi mnauma punje na meno, ikilia mnasema imekauka. Lazima nieleze kwa nini meno yanadanganya. Hiyo kwa nini ndiyo iko refu." Kisha akatutazama mmoja mmoja. "Lakini hiyo ya Jumatatu mlisoma?"

Kimaiyo akasema alisoma. Jeruto akasema alisoma.

"Na wewe, Mwalimu?"

"Nilisoma," nikasema.

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Miaka thelathini na moja nilisimama mbele ya darasa nikiwaambia watoto wasome swali hadi mwisho kabla ya kujibu, na wengine niliwachapa kwa kosa hilo. Phelista akaangalia mikono yake. "Kama mmesoma mpaka mwisho na bado mnaona haifai," akasema, "basi sina la kuongeza." Kimaiyo alipiga kura ya kumzuia. Jeruto akataka aachwe kwanza, labda mara moja kwa mwezi. Ikabaki yangu. Nikasema haifai. Phelista akatushukuru kwa chai, na kabla sijafika stendi, simu ikanionyesha kwamba ametoka kwenye grupu.

Grupu likatulia. Nehemiah akatuma mikono ya kuomba.

Januari mke wangu Lenah alifungua gunia la tatu, akaniita ghalani. Sikuhitaji kuonyeshwa. Ile harufu ilinipokea mlangoni. Punje zilikuwa na ukungu wa kijani chini ya ngozi, na tulipofungua magunia mengine yakawa ni yale yale. Niliyauma haya mahindi mwenyewe mwezi wa kumi, yakalia vizuri. Ndiyo chakula chetu mpaka Agosti, hatuna kingine. Nikajaza mahindi kwenye mfuko wa karatasi, nikaenda Kitale kumtafuta Phelista.

Nilimkuta nyuma ya soko, anasimamia posho mill ya mtu. Alikuwa amevaa lile koti lake la maabara, limejaa unga mpaka kwenye kope. Alizima mashine, akachukua mfuko wangu, akanusa, akavunja punje moja kwa ukucha.

"Hii hata kuku usiwape," akasema.

"Wanaoleta hapa wanaleta namna gani?"

"Wengi ni kama yako."

"Na unasaga?"

"Mwanzo nilikuwa nawaambia. Wakahamia kwa mashine ile ingine ya ng'ambo. Mwenye hii akaniuliza kama nataka kazi ama nataka kufundisha." Alisema bila hasira, na mimi ningependa akasirike.

Nikamuuliza kama kuna mtu wa kijijini angeweza kujua, bila mashine, kwamba mahindi bado yana maji.

"Chupa kavu ya kioo," akasema. "Tia mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa, ngoja robo saa. Chumvi ikishika ukuta wa chupa, mahindi bado, rudisha kwa jua. Ikianguka chini yote, weka ghalani." Akafuta mikono kwenye koti. "Niliandika, Mwalimu. Aya ya tisa. Si ulisoma mpaka mwisho?"

Mama mmoja alikuwa amefika na debe. Phelista akawasha mashine.

Niliporudi nyumbani niliandika mistari mitano kuhusu chupa na chumvi. Lenah akashika chupa, nikampiga picha. Ndivyo grupu linavyotaka. Nikafungua grupu ili nitume, nikakuta pole zimejaa: mama fulani wa Cheptais amelala, mazishi Jumamosi ya wiki ijayo. Nikangoja, maana ni mimi ninayewalinda watu dhidi ya wavunja sheria. Jumamosi ikapita. Jumapili akatangazwa mwingine, wa Bungoma. Ile mistari bado iko kwa simu yangu, haijatumwa.

Siku ile Phelista aliniambia tukichagua punje mbovu kwa mkono tutapunguza sumu, lakini hatutaimaliza. Kwa hiyo kila mchana mimi na Lenah tunakaa na ungo, tunachagua mpaka macho yanauma, na zinazobaki zinaenda kusagwa. Jana Lenah aliweka ugali mezani, akaniuliza yule mtaalamu alisema nini hasa.

"Alisema mengi," nikamjibu, nikanawa mikono.