Mkono wa Mkwe Ndani ya Kompyuta Yangu

Nimesimamia mitihani miaka mingi, hata sitazami tena nyuso za watu. Natazama mikono. Uso hujifunza kudanganya mapema, mkono huchelewa. Wanafunzi wangu wanalijua hilo, na muuza mahindi wa sokoni Kitale analijua pia, maana kabla hajanipimia huwa naligeuza gorogoro lake nione kama kitako hakijapondwa kwa ndani.

Kwa hivyo kompyuta ya nyumbani ilipoanza kuzembea, sikuuliza ina ugonjwa gani. Niliuliza ni nani aliyeigusa.

Marehemu mume wangu ndiye aliyeileta, pamoja na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: ndani mna vipande viwili vya memori, asije mtu akakudanganya. Tulifanana kwa hilo. Nami niliipokea kama ninavyopokea kila kitu cha thamani: niliifumia vitambaa. Kimoja cha skrini, kingine kikubwa cha sanduku lake, cheupe chenye pindo la buluu, kinachoshuka hadi sakafuni pande zote. Televisheni ina chake, friji ina chake, kila kiti kina chake. Kile cha skrini nilikitoa nikitaka kuandika. Cha sanduku sikukigusa, kwa sababu vumbi la Kitale wakati wa kiangazi halina adabu.

Asubuhi nikiiwasha ilikwenda vizuri. Baada ya nusu saa ilianza kujikokota. Naandika swali la tatu la mtihani, yenyewe bado inanionyesha la pili. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Kwake ikaenda mbio kama kawaida, tena muda mrefu, naye bila kuona haya akaniambia memori haitoshi, niongeze. Mwamba ngoma huvutia kwake. Nilibeba sanduku langu nikarudi nalo nyumbani, nikalifunika, na baada ya nusu saa likazembea. Nikajua fundi yule amelifanyia jambo.

Binti yangu ndiye aliyesema tumwite mchumba wake, ambaye hutengeneza kompyuta Bungoma. Hapo lazima niseme ukweli: mtu huyo sikuwa nimempenda. Hakuwa na kosa ninaloweza kulitaja. Alikuwa mpole mno, na mimi mtu mpole humkagua mara mbili. Watu wake wa Misikhu walikuwa wameshabisha hodi mara moja, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi walikuwa waje kupewa jibu. Jibu hilo lilikuwa mikononi mwangu na mwa shemeji yangu, ndugu wa marehemu. Nikawaza, na aje basi, nimwone akifanya kazi.

Lakini ningemwonaje? Kwetu mama mkwe na mkwe hawashikani mikono, hawali meza moja, hawakai chumba kimoja wakatazamana. Tangu hodi ile ya kwanza tulikuwa tumeshaanza kuheshimiana hivyo. Alipofika nilisalimia kutoka jikoni, naye akajibu akiwa ameelekea dirishani. Kazi ilifanyika sebuleni, mimi nikiwa nyuma ya pazia la mlango wa jikoni, nikisikia skrubu zikianguka kwenye kisahani moja baada ya nyingine. Binti yangu alikwenda kuteka maji. Nikalisogeza pazia kidogo, upana wa kidole.

Alikuwa amevitoa vitambaa vyangu, akavikunja vizuri, akaviweka juu ya kiti. Sanduku lilikuwa wazi. Nikauona mkono wake mfukoni mwa shati, na kati ya vidole kitu chembamba cha kijani. Halafu akageuka kidogo na mgongo wake ukanizibia.

Kitu cha kijani nilikijua. Mume wangu aliwahi kunionyesha. Ilikuwa memori.

Binti aliporudi nilimtuma aulize: inahitaji memori zaidi au haihitaji? Jibu lilikuja kwa sauti ya chini, nami nikalisikia lote.

"Mwambie mama hiyo memori iko sawa sasa. Isipokuwa hii masini inapenda mahali kuna upepo upepo kidogo."

Upepo. Mtu anaulizwa swali la ndiyo au la, anajibu habari za upepo. Alipoondoka kompyuta ilienda vizuri jioni nzima. Kesho yake nikafagia, nikavirudisha vitambaa vyangu mahali pake, na kufika saa nne asubuhi inajikokota kuliko mwanzo. Aliitwa tena. Akaja tena, akavikunja tena vitambaa, akasema tena mambo ya upepo, kisha akaomba ruhusa, kupitia kwa binti yangu, ya kulisogeza sanduku karibu na dirisha. Nilikataa. Karibu na dirisha ndiko wezi wanakopitisha mkono, na pengine alilijua hilo.

Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia. Nikampigia shemeji simu, nikamwambia kwamba kabla ya Jumamosi tufikirie vizuri, kwa sababu mtu huyu ana mkono mrefu. Shemeji akasema amesikia. Kwa binti yangu sikusema neno. Nilitaka kwanza ushahidi.

Ushahidi niliufuata Bungoma. Nilitaka fundi asiyenijua, na mbali na Kitale, nikalifunga sanduku kwa leso na kusafiri nalo mapajani. Nilimpata mwanamke mmoja mwenye kibanda nyuma ya soko, miwani imefungwa kwa uzi, asiye na habari na mimi wala na ukwe wangu. Nikamwomba jambo moja tu: afungue, ahesabu memori.

Akahesabu kwa ncha ya bisibisi. Vinne.

Nilimwambia ahesabu tena. Akanitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyekosea kuandika jina lake, lakini akahesabu. Viwili vya zamani vilikuwa mahali pake, vimekaa na vumbi lake. Viwili vingine vilikuwa vipya kabisa. Hakuna aliyetoa kitu. Mkono niliouona ulikuwa unatoa memori mfukoni kuitia ndani ya sanduku, na mimi nilidhani unaificha mfukoni.

"Memori iko mingi, mama, hata imepita," akasema. Kisha akaingiza kidole nyuma ya feni, akavuta, na kutoka humo kukaja bonge la nyuzi laini, nyeupe na buluu. "Lakini hii kitu munaifunikanga na nini?"

Nilizijua nyuzi zile moja moja, nilizifuma mwenyewe.

"Hii haina shida ya memori. Inashikwa na joto, ikishikwa na joto inajipunguzia mwendo isiungue. Si uitoe tu hiyo nguo, bana? Kwani ile fundi iliweka hizi mpya haikukwambia?"

Angeniambiaje? Mkwe gani atasimama sebuleni mwa mama wa mchumba wake aseme, mama, toa nguo uliyoifuma? Alisema upepo. Alisema dirisha. Alivikunja vitambaa mara mbili mbele yangu, kwa mikono miwili, na mimi mtazama mikono sikuona. Na kwa kuwa binti yangu alishamsimulia fundi wa mjini alivyodai memori, alikuja ameinunua, akaitia kimya kimya ili nisiaibike. Nilikaa kwenye benchi la yule mama nikaona haya ambayo sikuwahi kuyaona tangu utoto.

Nikampigia shemeji siku hiyo hiyo. Simu haikupatikana. Alikuwa Lwakhakha kwa biashara zake za mpakani, na alirudi Jumamosi yenyewe, akaingia uani kwangu wakati wageni wameshaketi na soda zimeshafunguliwa. Nilikuwa jikoni, sufuria mkononi. Kabla sijapata mtu wa kumtuma, nilimsikia akisimama.

"Sisi hatuna maneno mengi. Lakini mama ya msichana alikuwa na neno juu ya mkono ya huyu kijana. Ni vizuri tulisikie leo."

Watu wa Misikhu waliziweka soda zao chini. Hapo nilifanya jambo ambalo mama mkwe hafanyi. Nilitoka, nikasimama mlangoni mwa sebule, pazia likiwa nyuma yangu.

Nikasema, "Neno hilo nililitoa mimi na lilikuwa la uongo. Nilidhani ameniibia memori ya kompyuta. Alikuwa ameniongezea."

Kijana mwenyewe aliinamisha kichwa, akatazama sakafu, kama heshima inavyotaka. Watu wake waliguna, kisha mzee mmoja akacheka, na kicheko kikamwondolea kila mtu uzito kifuani. Jibu likawa ndiyo. Lakini binti yangu, aliyekuwa amebeba sahani za wageni, hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, na ndipo nilipokumbuka kwamba yeye hakujua lolote.

Walioana na wanaishi Bungoma, na kompyuta yangu iko karibu na dirisha, uchi, inakwenda vizuri. Huja kunisalimia mara kwa mara, mkwe wangu akibaki nje chini ya mparachichi hadi nihamie jikoni. Wakati wa kuondoka, binti yangu huubeba mkoba wa mumewe hadi mlangoni mwa jikoni, akaufungua mbele yangu, akaniambia, "Mama, kagua."

Anasema ni mzaha. Mimi huucheka, kisha humsaidia kuufunga.