Kigari Kilichopimwa Buchani

Jumaa wa bucha ya Majengo, hapo Meru mjini, ana mkono ambao sifa zake hazihitaji kutiwa chumvi. Mpe paja la mbuzi alishike, atakutajia kilo zake kabla halijafika kwenye ndoano, na mizani ikija kusema, itasema yale yale. Wateja wapya humtilia shaka. Wateja wa zamani huwangoja hapo hapo na kuwawekea dau la soda, jambo ambalo Jumaa hulikemea kwa mdomo na kulifurahia moyoni.

Siku bintiye Safiya alipozaliwa, Jumaa na mkewe Kuruthumu walikuwa wamekaa miaka kumi na mitano bila mtoto. Majirani walikuwa wamekwisha kukata tamaa kwa niaba yao. Muuguzi akamtia Jumaa mtoto mikononi, na kabla hata ya kumwadhinia sikioni, mkono wake ukafanya kazi uliyoizoea. "Kilo tatu na robo," akasema, machozi yakimtoka. Muuguzi, ambaye alikuwa ametoka kumpima mtoto dakika chache tu zilizopita, alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka akaegemea ukuta.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, baada ya swala, mizani ya bucha husuguliwa kwa maji ya moto na sabuni, leso safi hufungwa fundo, na Safiya hutundikwa pale penye kutundikwa mbavu. Mwanzoni Kuruthumu aligoma. Mtoto wake si nyama, alisema. Kisha akamwona Safiya akibembea ndani ya leso na kuwapungia wateja mkono mithili ya waziri, akaacha kubisha. Siku hiyo mteja mwenye haraka na aende bucha nyingine, kwa maana Jumaa hagusi kisu mpaka mtoto ashuke.

Sasa, shida ilikuwa Embu. Mama yake Kuruthumu anaishi huko, na mwaka uliopita alianguka uani akaumia nyonga. Tangu hapo safari zake zote ni za kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha mlangoni na kurudi. Mjukuu wake alikuwa na mwaka mmoja na miezi tisa, na bibi huyo hakuwa amemshika hata siku moja. Alimjua kama uso mdogo unaolamba kioo cha simu.

Kuruthumu mwenyewe hakuweza kumbeba mtoto mbali. Pikipiki iliwahi kumwangusha, Safiya akiwa mchanga kifuani. Mtoto hakupata hata mkwaruzo, lakini mgongo wa mama ndio uliopokea barabara. Daktari alimkataza kubeba mgongoni, na yeye mwenyewe akajikataza kupanda pikipiki mpaka aingie kaburini. Jumaa angeweza kuwafikisha Embu, ndiyo, lakini angelazimika kurudi kwenye bucha, naye Kuruthumu alitaka kukaa na mama yake mwezi mzima. Mwezi mzima wa kwenda dukani, zahanati na sokoni, akiwa na mtoto ambaye akitembea hatua kumi anainua mikono abebwe.

"Nitanunua kigari," Jumaa akasema. "Kile cha kukunja."

Kuruthumu alifurahi hata akasahau chai jikoni, ikafurika na kuzima jiko.

Hapa inabidi tumseme Jumaa, ingawa ni mtu mwema. Alitaka kwa moyo wake wote mkewe aende akamwone mama yake. Na kwa moyo huo huo hakutaka Safiya alale nje ya nyumba yake hata usiku mmoja. Kila jioni mtoto yule humvua kofia na kuivaa yeye, ikamfunika mpaka puani, na Jumaa hujifanya kumtafuta nyumba nzima. Mwezi bila kofia kuibwa alikuwa hawezi kuuwaza. Lakini hayo hakumwambia mtu, wala yeye mwenyewe hakujiambia vizuri.

Basi akaenda soko la Gakoromone, kwa Kinya, mama anayeuza vitu vya watoto vya mitumba. Kinya alikuwa amevipanga vigari vyake mstari mmoja, vingine vipya kidogo, vingine vimekwisha kuzeeshwa na watoto wawili watatu. Jumaa alipita akivikagua kama mtu aliyekuja kununua fahali. Alisukuma magurudumu, akagonga vyuma, akavuta kamba. Akasimama mbele ya kikubwa kuliko vyote: chuma kitupu, magurudumu manene, kivuli cha jua, mifuko minne ya kutilia vitu.

"Hiyo ni ya kusukuma tu hapa mtaani, mzee," Kinya akamwambia. "Kama ni ya safari, chukua ingine."

"Hii ndiyo kitu. Iko na uzito." Kwa mtu wa bucha, neno hilo ni sifa.

Akaliinua gari lile kwa mkono mmoja. Mkono ukapima kama kawaida yake. Jumaa hakuuliza umepata nini. Alilipa, akalisukuma hadi nyumbani akisalimia watu wengi kuliko alivyohitaji.

Nyumbani Kuruthumu alilizunguka gari lile, maana hilo si kigari, akamshukuru mumewe. Kisha akajaribu kulikunja. Lilitaka mikono miwili na mguu mmoja, na mtu wa pili wa kulisemesha. Akajaribu kulipandisha ngazi ya mlango, ngazi yenyewe ni moja, akashika kiuno. Akaliegemeza ukutani taratibu.

"Tutaona mwezi ujao," akasema.

Jumaa alikula sahani mbili usiku ule. Alikuwa amefika kwenye mchuzi wa mwisho aliposikia mkewe akizungumza na simu chumbani. "Bado kidogo, mama." Na sauti ya mzee ikajibu, kwa upole ambao haukuwa na lawama yoyote, "Hakuna haraka, mwanangu. Mimi si niko tu hapa kwenye kiti." Akaisukuma sahani kando. Aliona haya, na haya hizo alilala nazo.

Ijumaa ya kupima ikafika. Safiya akatundikwa, akapunga mkono, akatangazwa: kilo kumi na moja. Bucha ilikuwa imejaa. Gatakaa, mwalimu mstaafu ambaye kila Ijumaa hununua maini na maneno hutoa bure, akaona lile gari limeegeshwa mlangoni, kwa sababu Jumaa alikuwa amelitumia asubuhi kuleta ndoo ya matumbo.

"Jumaa, hebu tundika na hiyo gari tuone," akasema. "Isije ikawa imeshinda mtoto."

Ikatundikwa. Mshale ukapita kumi, ukapita Safiya, ukaenda kutulia kwenye kumi na nne.

Bucha nzima iliangua kicheko. Gatakaa alilazimika kuweka maini chini. "Sasa ni mtoto atabeba gari ama ni gari itabeba mtoto?" akauliza, na watu wakaanza upya. Jumaa naye akacheka, lakini alichelewa kidogo, kama mtu anayesubiri kutafsiriwa mzaha. Kuruthumu hakucheka. Alimtazama mumewe mara moja tu, akamfungua mtoto leso, akamkabidhi baba yake, akaenda zake.

Jumaa hakungoja kesho. Alimwita mdogo wake Suhail, anayeuza matumbo kona ya pili, ashike kisu. Akatia mfukoni mwa koti lake jeupe mizani ndogo ya mkono, ile ya kupimia kuku, akampakata Safiya, akalisukuma lile gari mpaka kwa Kinya.

"Umerudi," Kinya akasema, bila mshangao.

"Nimerudi na shahidi." Akatoa mizani.

Watu walikusanyika, maana si kila siku mtu huja sokoni Gakoromone na koti la damu kupima vigari vya watoto. Cha kwanza, kilo tisa. Cha pili, nane na nusu. Cha tatu kilikuwa chembamba, kitambaa chake cha bluu kimepauka, na Jumaa alikuwa amekipita mara ya kwanza bila hata kukitazama. Mizani ikasema kilo tano na kitu.

"Hiki bei gani?"

Kinya akataja. Jumaa akamwangalia Safiya kana kwamba naye amesikia.

"Hiyo ni zaidi ya ile kubwa."

"Ni zaidi."

"Mama, mimi nauza nyama miaka ishirini na tano. Sijawahi kuambia mtu kilo tano ni ghali kuliko kilo kumi na nne, nyama ni ile ile."

"Nyama unalipa ile unabeba," Kinya akasema. "Hii unalipa ile haubebi. Nani atabeba, ni wewe?"

Jumaa akakitazama kile kigari chembamba. Akilini akauona mgongo wa Kuruthumu umeinama kwenye ngazi ile moja, na mkono wake kiunoni.

"Nionyeshe vile inakunjwa," akasema. "Kwa mkono mmoja. Huu mwingine uko na mtoto."

Kinya akamwonyesha. Ilikuwa ni kubonyeza, kusukuma, na kigari kinajikunja chenyewe na kuwa kifurushi cha kuning'iniza begani. Jumaa alikosea mara ya kwanza na ya pili, na kila alipokosea Safiya alipiga makofi. Mara ya tatu kikakubali. Akakikunjua, akamfunga mtoto mikanda, akabana breki na kukisukuma kwa nguvu aone kama kitateleza. Hakikuteleza. Akaachia breki, akamzungusha kwenye mawe na mashimo yote ya upande ule wa soko, kutoka kwa wauza viazi hadi kwa wauza ndizi. Waliporudi kwa Kinya, mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi.

"Huyo amekwisha nunua," Kinya akasema. Akalichukua lile gari kubwa, akapunguza bei, wakamalizana.

Gurudumu moja la kigari kile lilikuwa linalia. Jumaa alilitibu kwa dawa aliyokuwa nayo, yaani mafuta ya mkia wa kondoo, na likanyamaza kabisa. Hasara yake ni kwamba asubuhi ya safari paka wa Majengo walikifuata kigari cha Safiya mpaka steji, mmoja baada ya mwingine, mikia juu, naye akiwageukia na kuwaita kwa furaha. Pale steji, kabla Jumaa hajanyosha mkono kusaidia, Kuruthumu alikuwa amempakata mtoto upande mmoja, amebonyeza, amesukuma, na kigari kiko begani. Alipanda matatu akiwa wima. Jumaa alibaki chini na mikono mitupu na paka watano.

Wiki zilizofuata aliuza nyama vizuri na kula vibaya. Jioni kofia yake ilikaa kichwani bila kuibwa na mtu. Kisha ikaja Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Alisugua mizani kwa maji ya moto na sabuni, akaitazama inavyong'aa, akaona upumbavu wake. Tangu lini bucha haiwezi kuendeshwa na Suhail siku mbili? Akavua koti, akachukua leso, mizani ya mkono na paja la mbuzi, akamwachia mdogo wake kisu na funguo.

Alifika Embu alasiri. Langoni kwa mama mkwe wake alisimama. Kiti cha mlangoni kilikuwa kitupu. Kule mwisho wa ua, chini ya migomba, bibi yake Safiya alikuwa anatembea polepole, mikono miwili imeshika kigari, Safiya ndani yake akiamrisha kwa kidole waende wapi. Kuruthumu alikuwa kando yao, tayari kumdaka mama yake, lakini hakukuwa na wa kudakwa.

"Jumaa, ni wewe?" mzee akaita. "Pita kando, usitusimamishe. Tumeshafika mpaka kwa kuku leo."

Jumaa hakujua acheke au alie, akafanya vyote viwili. Safiya alipomwona alipiga kelele hadi akafunguliwa mikanda, akamkimbilia, na kofia ikaondoka kichwani kabla ya salamu.

Baada ya chai wakafunga mizani kwenye boriti ya kibaraza. Bibi aliketi akingoja kutangaziwa. Jumaa akamtia mtoto kwenye leso, Kuruthumu akishika fundo, na wakiwa wameinamiana hivyo, mkewe akamwambia kwa sauti ya chini, "Lile gari la kwanza, Baba Safiya. Si uliliinua kwa mkono pale sokoni?"

"Niliinua."

"Na huo mkono umewahi kukosea?"

Jumaa akauangalia mkono wake kana kwamba umemchongea. "Haujakosea," akasema.

"Nilijua toka siku hiyo."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema, ungebadilisha saa hiyo hiyo, halafu ukae bucha ukiona kama mimi ndiye nimekunyang'anya mtoto. Nilitaka utuache twende kwa hiari yako mwenyewe." Akatabasamu, akakaza fundo. "Umechelewa mwezi mmoja tu. Mama amekungojea."

"Nyinyi mnanong'ona nini hapo?" mzee akauliza. "Mtoto kilo ngapi?"

Jumaa hakuwa ameitazama mizani hata kidogo. Akamtoa Safiya kwenye leso, akampakata kifuani, akangoja mkono umwambie. Mkono haukusema kitu. Ulikuwa umeshika tu.

"Sijui, mama," akasema. "Ngoja nimshike kwanza."