Anayehesabu Vyura, Anakamata Watu?

Nilichaguliwa vyuo viwili kwa mpigo. Kimoja uuguzi, huko mbali. Kingine biolojia ya uhifadhi, hapa hapa Morogoro mjini, karibu na kwetu Mafiga. Ukichaguliwa hivyo unatumiwa namba kwenye simu, unathibitisha chuo kimoja, na ukichelewa dirisha linafungwa. Mimi ningethibitisha uhifadhi dakika ile ile. Mama akasema hapana, mpaka mjomba aseme.

Sisi Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo mjomba akikataa jambo, limekataliwa. Baba alikuwa Gairo kwenye biashara yake ya karanga. Nilimpigia nikidhani ataniokoa, akasema yeye hana neno, muulizeni mjomba wako. Dirisha linafungwa Jumatatu, leo Jumamosi, na mjomba yuko Mgeta juu milimani, hapokei simu kwa sababu huwa anaiacha ndani anapokwenda shamba. Nilikasirika sana.

Hofu yangu ilikuwa moja. Mjomba aliwahi kukamatwa na watu wa misitu kwa ajili ya gogo alilolitoa ndani ya hifadhi. Alilala mahabusu. Ukoo mzima unaijua habari hiyo, na watani huwa wanaikumbushia hata msibani. Sasa mtu kama huyo unamwambiaje kwamba mpwa wake anataka kusomea uhifadhi? Si ataona nimeamua kujiunga na waliomfunga?

Kwa hiyo nilijiandaa. Rafiki yangu wa Kilakala ana dada aliyemaliza kozi hiyo hiyo. Nikaenda kwake nikamuuliza kazi zake zote, akanieleza taratibu mpaka nikawa natamani aharakishe. Usiku nilizirudia kichwani. Ile ya askari wa hifadhi nikaamua kuipita kimya kimya.

Jumapili tukapanda mimi na mama. Tulimkuta mjomba katoka misa, kakaa barazani anachagua njegere za kupeleka sokoni, nzuri huku, mbovu kule.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda? Huko mjini mnakula vumbi?"

Mama akaanza salamu za watu wote wa ukoo, mmoja mmoja, na mbuzi wao. Nilivumilia nikashindwa. Nikamkatisha, nikamwambia mjomba kilichotuleta. Mama alinikata jicho. Mjomba hakuacha kuchagua njegere. Akauliza huko wanasoma nini. Nikamwambia wanasoma wanyama na mimea, kwa nini vinapungua, na kifanyike nini visiishe kabisa.

"Halafu ukimaliza unakuwa nani?"

Nikaanza. Kuna wanaohesabu vyura, maana milimani kwetu kuna vyura ambao hawapo kwingine kokote duniani.

"Anayehesabu vyura, anakamata watu?"

"Hapana mjomba. Hata kidogo."

Nikaendelea kwamba kuna wanaotunza majani makavu ya kila mti, wakiandika ulitoka wapi. Akauliza kama huyo wa majani anakamata watu. Nikasema yeye anakaa ofisini tu. Kuna wanaochora ramani za misitu kwa picha zinazopigwa kutoka angani. Huyo je? Hakamati. Kuna wanaotangulia kabla barabara haijajengwa, wakaangalia itaharibu nini. Huyo? Anaandika ripoti tu, mjomba. Kuna walimu. Kuna wa kuongoza wageni. Kila nikisema hapana, uso wake ulizidi kukunjamana, na mimi nikazidi kusema hapana kwa nguvu. Nilishaanza kujiona nimevaa gauni jeupe la nesi.

Mwisho akaweka ungo chini.

"Sasa mbona kazi zote ulizoniletea hazina meno?"

Sikuelewa. Nilimtazama mama, na yeye hakuelewa.

Ndipo mjomba akasema. Juu ya shamba kuna chemchemi yetu, na miti iliyoizunguka ni ya ukoo, haijawahi kuguswa tangu enzi za mabibi zake. Sasa kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, kaikata nusu na kapanda kabichi mpaka kwenye jicho la maji. Maji yamepungua, mpira wa kumwagilia asubuhi unakohoa tu. Mjomba kamsema, kamuita kikao, kachoka. Na serikalini hawezi kumpeleka.

"Mahabusu nimelala, napajua. Siwezi kumlaza mtoto wa dada yangu. Uliposema unataka kusomea mambo haya nikasema afadhali, atatoka mtu kwetu mwenye sheria mkononi, amtishe asikie bila kulala ndani. Unakuja kuniambia vyura."

Mama aliangua kicheko mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Mimi sikucheka, maana niliona neno limegeuka upande mwingine na bado halijaisha. Ningeweza kumwambia ndiyo, nitakuwa askari, yakaisha pale pale. Nikaona nikimdanganya hapa nitamdanganya miaka yote ya chuo.

"Wapo wanaokamata, mjomba. Nimewaruka makusudi. Lakini mimi sitaki kuwa huyo."

"Na kaka yako, utamwambia nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka nikasome."

Akachukua ganda la njegere akalivunjavunja. Nilitamani kumsukuma aseme. Kwa mara ya kwanza siku ile nikafunga mdomo.

"Ungesema unajua," alisema, "ningekupeleka uuguzi. Kasome. Likizo ya kwanza uje tuiangalie hiyo chemchemi, wewe na mimi na huyo mlima kabichi. Vyura wako nao wapo pale, nilikuwa nawasikia zamani."

Sikusubiri hata amalize kuinua ungo. Mtandao kule unapatikana kwenye mwamba nyuma ya kanisa, nikakimbia na ndala zangu mkononi. Nikaingiza namba, kikaanza kuzunguka kile kiduara. Kikazunguka. Nikapanda juu zaidi, nikanyoosha mkono kama mwendawazimu, watoto wa pale wakanicheka. Halafu ujumbe ukaingia kwamba nimethibitishwa, biolojia ya uhifadhi.

Niliketi. Nilikuwa nacheka peke yangu. Chini kule nilimsikia mama akiniita nikale, na hapo ndipo nikagundua kwamba tangu Ijumaa sijashiba chakula chochote. Nikateremka mbio, nikala ugali na maharage ya mjomba sahani mbili, akaniuliza kama huko chuoni ninakwenda kuhifadhi au kumaliza.